Mtumbwi wa Kanisa Ziwani: Kanuni za Kulinda Uhai

Katika mafundisho ya afya tunasema mara nyingi habari ya malaria, na maji safi, na chakula cha watoto. Sasa tunataka kusema habari ya kifo kingine. Kifo hiki hakitokani na mdudu, wala hakuna dawa yake katika duka la hospitali. Mtu anaondoka nyumbani asubuhi, mwili wake mzima kabisa, na jioni watu wanalia. Ni kifo cha kuzama majini.

Shirika la Afya la Dunia, OMS, linasema ya kuwa katika mwaka 2021 watu karibu 300,000 walikufa kwa kuzama katika dunia yote. Katika kila watu kumi waliozama hivyo, tisa na zaidi walikuwa wa inchi maskini na inchi za kati, kama yetu. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika, Uvira, Baraka, Kalemie, Moba na vijiji vilivyo katikati, hatuhitaji kusoma hesabu hii ili tuamini. Tunajua makaburi.

Watu wa makanisa wana mtumbwi mmoja wa wote, nao ni msaada mkubwa. Unapeleka mwinjilisti vijijini. Unaleta wagonjwa hospitalini. Unachukua mama wa kuzaa, na waimbaji, na unga wa mkutano. Kwa hiyo somo hili ni kwa kila kundi lenye mtumbwi wa pamoja. Yafaa lisomwe mbele ya kanisa lote, si mbele ya wavuvi tu.

1. Jueni ziwa letu

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670, na upana wa kawaida ni karibu kilometa 50. Kina chake kinafika metre 1,470. Katika Afrika hakuna ziwa lenye kina kupita hilo, na katika dunia yote Ziwa Baikal la Urusi tu linalishinda.

Sababu gani tunataja urefu huu? Sababu upepo ukivuma juu ya maji marefu, mawimbi yanapata njia ndefu ya kukua. Katika kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, upepo wa kusini unafuata urefu wa ziwa siku nyingi mfululizo. Wimbi lililoanza dogo mbali sana linafika kwetu likiwa kubwa. Katika majira ya mvua hatari ni nyingine: dhoruba inakuja kwa ghafula pamoja na radi, inapiga saa moja au mbili, kisha inapita. Mtumbwi ulioondoka katika utulivu unakutwa katikati.

Tena kumbukeni upepo wa usiku. Usiku na alfajiri upepo unashuka mara nyingi kutoka milimani kwenda ziwani. Mtu aliye pwani anaona maji yametulia karibu naye, sababu milima inamkinga. Lakini upepo ule ule unasukuma mtumbwi kwenda mbali na inchi kavu. Kwenda ni rahisi, kurudi ni kazi.

Jambo moja zaidi. Katika miaka ya 2020 mpaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana na kufunika nyumba, kuta na miti ya pwani. Pahali pengi vitu hivi vimebaki katika maji au chini ya mchanga. Nahodha aulize wenyeji mbele ya kukaribia pwani asiyoijua.

2. Mtumbwi wetu hauna mikono

Watu wa pwani ya bahari, kule Zanzibar na Tanzania, wana chombo kiitwacho ngalawa. Ni mtumbwi mwembamba, lakini wamefunga miti kuupita katikati, na mwisho wa miti hiyo, kila upande, kuna ubao unaokaa juu ya maji. Ni kama mtu anayenyosha mikono miwili asianguke. Chombo kikitaka kulala upande mmoja, ubao wa upande ule unakataa.

Mtumbwi wetu hauna mikono hiyo. Kitu kinachouzuia usipinduke ni uzito kukaa chini na katikati. Kwa hiyo watu wote wakae chini, si juu ya magunia. Mzigo mzito uwe chini kabisa na ufungwe. Mtu asisimame. Wawili wakitaka kubadilisha kafi, mmoja aende kwa kutambaa, na mwingine akae imara. Kijana anayecheza na kutikisa mtumbwi ili wasichana wapige kelele, asipande tena.

3. Chombo cha wote kinahitaji mlinzi mmoja

Mtumbwi wa mtu mmoja, yeye anauangalia kwa sababu ni mali yake na ni maisha yake. Lakini mtumbwi wa kanisa, kila mtu anasema, mwingine atauangalia. Ufa unaonekana leo, na kila mmoja anaupita. Kopo la kutoa maji linachukuliwa jikoni, halirudi. Kamba inafungiwa mbuzi. Halafu siku ya safari watu wanapanda wakiimba, na mtumbwi hauna kitu.

Basi wazee wa kanisa wachague mlinzi mmoja wa mtumbwi, mtu wa kweli asiyeogopa kukataza wakubwa. Kazi yake ni hii:

Autazame mtumbwi kila juma: mbao, misumari, pahali palipozibwa.

Aweke vyombo katika chumba chenye ufunguo: makafi ya kutosha na mawili ya akiba, makopo mawili ya kutoa maji, kamba ndefu ya metre 15 au zaidi, filimbi, toroshi, kisu, na jile za kuelea.

Atunze daftari. Mbele ya kuondoka aandike majina ya watu wote, hata watoto wachanga, pahali wanapokwenda, saa ya kuondoka, na saa ya kurudi. Daftari hili libaki pwani. Lisiingie mtumbwini, sababu daftari lililozama haliwezi kusema nani amepotea.

Saa ya kurudi ikipita, mlinzi asilale. Apige simu katika vijiji vya njiani, na watu wakiwa hawajaonekana, atafute mashua yenye motere. Wengi waliozama wangalipona kama mtu wa pwani angejua mapema ya kuwa wamechelewa.

4. Hesabu ya watu na mzigo

Tarehe 12 Desemba 2014 meli iitwayo Mutambala ilizama katika ziwa letu, upande wa Katanga, na watu zaidi ya 120 walikufa. Sababu mbili zilitajwa: mzigo kupita kiasi, na upepo wa nguvu. Mnamo mwezi wa nne wa mwaka 2019 mashua nyingine ilizama katika Ziwa Kivu, na watu wengi walipotea. Nyuma ya msiba ule Rais Félix Tshisekedi aliamuru kila msafiri wa maziwani avae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, na watu waliosimama pwani waliiona kwa macho yao.

Mambo haya yatufundishe. Chombo kikubwa kinazama, sembuse mtumbwi. Tena hatari haikwishi mpaka miguu ikanyage inchi kavu.

Pimeni hivi. Watu wote na mzigo wote ukiwa ndani, tazameni ubavuni pahali ukingo ulipo chini kuliko pengine. Tangu maji mpaka ukingo iwe shibiri moja na nusu, ni kusema sentimetre 30 hivi. Ikiwa ni pungufu, toeni kitu au mtu ashuke. Kisha pigeni alama ya rangi ubavuni. Alama ikifunikwa na maji, safari haiondoki. Rangi haina ndugu wala mkwe. Haioni haya kumwambia mzee, Mmezidi.

Hapa tuseme neno juu ya wagonjwa. Mgonjwa mmoja anakuja na wasindikizaji saba, godoro, sufuria, kuku, kuni, na mfuko wa mihogo. Twajua ni upendo. Lakini upendo huu unaweza kumzamisha yeye unayempenda. Wasindikizaji wawili wanatosha. Wengine waje kwa njia ya miguu, au waje kesho.

5. Jile na bidoni

Jile ya kuelea si nguo ya wazungu, wala si ya waoga. Mvuvi shujaa akipigwa kichwa na ubao, hawezi kuogelea. Jile inashika uso wake juu ya maji hata akiwa amezimia. Lakini jile iliyokaliwa kama kiti haina kazi. Ivaliwe na kufungwa mbele ya kuondoka, sababu majini hakuna nafasi ya kutafuta kamba zake. Kanisa lenye jile sita lichukue watu sita.

Pamoja na jile, fungeni bidoni tupu zilizozibwa vizuri ndani ya mtumbwi, kando kando chini ya ukingo. Bidoni moja ya litre 20 inainua kilo karibu 20 katika maji. Mkiwa nazo sita, mtumbwi uliojaa maji utaelea juu zaidi na mtaweza kuushika. Lakini bidoni si badala ya jile. Mkono ukichoka unaiacha.

Mama mwenye mtoto asimfunge mgongoni kwa fundo gumu. Ampakate mbele, naye mtoto awe na jile yake ndogo. Viatu vizito vivuliwe. Kitenge kisifungwe miguuni kwa namna ya kuzuia kupiga maji.

6. Nani asipande, na lini msiondoke

Mtu aliyekunywa pombe asishike kafi, hata akisema amekunywa kidogo. Mtu wa kifafa asiende kuvua peke yake wala kukaa ukingoni. Si kwa kumdharau, lakini sababu kifafa kikimkuta majini atazama bila kuita. Akisafiri, akae katikati, avae jile, na mwenzake ajue ugonjwa wake.

Msiondoke mkiona mojawapo ya mambo haya: vichwa vyeupe juu ya mawimbi, wingu jeusi lenye kukua, radi kusikiwa. Mkiona umeme kisha mkahesabu na radi ikasikiwa mbele ya kufika 30, dhoruba iko karibu, chini ya kilometa 10. Mkiwa tayari ziwani, geukeni kwenda pwani iliyo karibu, si pwani mliyoipanga. Fuateni pwani kila safari. Msikate katikati ili kufupisha njia.

7. Nani anasema, Twende?

Hapa ndipo makanisa mengi yanaanguka. Mchungaji anangojewa na kijiji. Mgonjwa analia. Kwaya imevaa. Nahodha anatazama ziwa na kusema, Hapana. Halafu mtu anasimama na kumwuliza, Imani yako iko wapi?

Ndugu, someni sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Paulo aliwaonya mapema ya kuwa majira ya safari yamepita. Hawakumsikia. Upepo mwororo wa kusini ulivuma, wakafikiri wamepata walilotaka. Upesi dhoruba ikawashika, wakatupa mzigo na vyombo. Katika merikebu mlikuwa watu 276. Mungu alimwahidi Paulo ya kuwa hakuna atakayepotea. Je, Paulo alikaa tu? Hapana. Mabaharia walipotaka kukimbia na mashua ndogo, aliwaambia askari kwamba watu hawa wasipobaki, hawataokoka. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, naye bado alidai kanuni ifuatwe. Mwisho wote walifika inchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Kwa hiyo mtu anayetii kanuni hajapungukiwa na imani. Anayeingia katika dhoruba kwa kusudi na kusema Mungu atamshika, anafanana na yule mjaribu aliyemwambia Bwana wetu ajitupe toka juu ya hekalu. Bwana alikataa.

Kanuni ni hii: nahodha ndiye anayesema Twende, na neno lake la Hapana halibadilishwi na mchungaji, wala mganga, wala mzee, wala mwenye pesa. Lakini akisema Twende, na mmoja wa wapiga kafi akaona hatari, wasikilize huyo pia.

Mtaniuliza, Na mama anayeshikwa na uchungu usiku, upepo ukivuma? Ulizo hili ni zito, nami sitalikwepa. Ikiwa mtumbwi utapinduka, hatutapoteza mama na mtoto tu, tutapoteza na wapiga kafi na wasindikizaji. Basi mpelekeni kwa kipoyi au kwa motosikleti kwa njia ya inchi kavu, hata ikiwa ndefu. Au mpeleke mtu haraka kwa mkunga aliye karibu, na kupiga simu hospitalini kuomba mashauri. Lakini dawa iliyo bora ni ya mbele: mwezi wa tisa wa mimba usipite kijijini. Mama aje siku ya utulivu, akae karibu na hospitali mpaka azae. Hasa yule aliyepasuliwa zamani, au aliyepoteza damu nyingi, au mwenye mapacha. Safari ya mchana katika ziwa tulivu inaokoa safari ya usiku katika dhoruba.

8. Mtumbwi ukipinduka

Msiuache mtumbwi. Hii ndiyo kanuni kubwa. Mti unaelea hata ukijaa maji. Pwani inaonekana karibu, lakini macho yaliyo sawa na maji yanadanganya. Wengi waliozama walikuwa waogeleaji, waliosema, Nitafika.

Nahodha aite majina ya wote. Kila mmoja aitike. Watoto na wagonjwa wapandishwe juu ya mgongo wa mtumbwi, wengine washike pande mbili. Pigeni filimbi mara tatu, kisha ngojeni, kisha tena. Msivue nguo zote. Maji ya ziwa letu si baridi kama ya Ulaya, lakini maji yanaondoa joto la mwili upesi sana kupita hewa, na nyuma ya saa nyingi mtu anatetemeka na vidole vinaachia. Kaeni pamoja, kifua kwa kifua, msitapetape.

Mawimbi yakipungua, geuzeni mtumbwi. Mmoja mwepesi aingie kwa upande wa nyuma na kutoa maji kwa kopo, wenzake wakishika pande zote mbili. Ndiyo sababu kopo lifungwe kwa kamba.

Ukimwona mtu anazama, usimrukie. Atakushika shingo, na mtakufa wawili. Kwanza mnyoshee kafi au mti. Kama hafikiwi, mtupie bidoni yenye kamba. Ukiwa na mtumbwi, mwendee, umpandishe kwa upande wa nyuma, si ubavuni.

9. Mtu akitolewa majini

Msimning'inize kichwa chini. Msimkandamize tumbo. Msimpe mawese wala dawa kinywani. Mambo haya yanapoteza dakika, na dakika ndiyo uhai wake. Kinachomkosa ni hewa.

Mlalisheni chali pahali pagumu. Tazameni kama anapumua. Kama hapumui, inueni kidevu, kichwa kiende nyuma kidogo. Zibeni pua, wekeni kinywa juu ya kinywa, mpulizie pumzi tano, kila moja mpaka kifua kinuke. Kama bado, wekeni mikono katikati ya kifua, mkandamize kwa nguvu mara 30, kina cha sentimetre 5, kwa upesi wa mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2, kisha 30 tena. Mtoto mdogo, kandamizeni theluthi moja ya unene wa kifua chake. Endeleeni mkipokezana mpaka apumue, au mganga afike, au nguvu zenu ziishe.

Akianza kupumua, mgeuzeni ubavuni, ondoeni nguo za maji, mfunikeni kwa kitu kikavu. Kisha mleteni hospitalini, hata akisema amepona. Maji yaliyoingia katika mapafu yanaweza kumletea shida ya kupumua saa chache baadaye.

Na mtu akifa majini, tusikimbilie kutafuta mchawi. Tuulize kwanza: Mtumbwi ulichukua watu wangapi? Ufa ulikuwa wapi? Upepo ulikuwaje? Nani alikuwa na jile? Maulizo haya yanaponya kijiji. Lile la mchawi linaongeza kaburi la pili, na ufa unabaki pale pale.

Maulizo ya kujibu pamoja katika kanisa lenu

Nani ni mlinzi wa mtumbwi wetu? Tumemchagua, au tunafikiri tu kuna mtu?

Leo tuna jile ngapi? Safari iliyopita tulichukua watu wangapi?

Alama ya rangi iko ubavuni?

Safari iliyopita, nani alisema Twende?

Nani kati yetu anajua kumpulizia mtu pumzi? Mwite akawafundishe wengine nyuma ya ibada, kabla ya upepo wa kiangazi kuanza.